Jean-Marie Seroney: Naibu Spika aliyekamatwa na polisi akiwa Bungeni

KATIKA historia ya Bunge la Kenya wamepita wasemaji hodari wengi, lakini ni wachache ambao maisha yao yanaonyesha uwezo wa Bunge na udhaifu wake kama yanavyoonyesha maisha ya Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet na Naibu Spika aliyetiwa mbaroni na polisi katika majengo ya Bunge mnamo Oktoba 15, 1975.

Hakuwa ameiba, wala hakuwa amewachochea watu kufanya ghasia. Siku 6 kabla ya hapo, akiwa amekalia kiti cha Spika, alitoa uamuzi mfupi juu ya hoja ya nidhamu iliyoletwa mbele yake. Kwa uamuzi huo aliwekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka 3, bila kushtakiwa na bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Mabunge yote, makubwa kwa madogo, yana kazi nne zinazojulikana: kutunga sheria, kuidhinisha matumizi ya fedha za umma, kuichunguza serikali, na kuwasemea wananchi waliowachagua wabunge. Kazi hizo husimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba mbunge awe huru kusema ukumbini bila kuogopa kitakachompata akitoka nje. Sharti hilo ndilo lililowekwa katika mizani siku Seroney alipochukuliwa, na Bunge la wakati ule lilipatikana limepungukiwa.

Mwana wa mhubiri

Seroney alizaliwa Julai 25, 1927, katika nchi ya Wanandi, Bonde la Ufa. Babake, Reuben Seroney, alikuwa miongoni mwa wahubiri Waafrika wa mwanzo katika eneo hilo. Kijana huyo alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, kisha akajiunga na Makerere nchini Uganda, na baadaye akaenda India kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Allahabad.

Enzi hizo mawakili Waafrika katika Kenya nzima walikuwa wakihesabika, na katika jamii za Wakalenjin Seroney alikuwa wa kwanza. Elimu hiyo ilimpa sifa mbili zilizomfuata maisha yake yote. Ya kwanza ni mazoea ya kusoma kila kifungu cha sheria kabla ya kukiunga mkono au kukipinga. Ya pili ni imani kwamba neno la sheria lina uzito sawa juu ya mnyonge na juu ya mwenye nguvu. Sifa ya kwanza ilimjengea heshima miongoni mwa wenzake. Ya pili ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni akiwakilisha Nandi. Alikuwa mfuasi wa chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala pamoja na watu kama Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Chama hicho kilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa baada ya uhuru, kwa hiyo kikapigania mfumo wa majimbo na Bunge lenye mabaraza mawili. Katika mazungumzo ya Lancaster House, jijini London, mwaka 1962, ujuzi wa sheria wa Seroney ulihitajika sana kwa upande wa KADU.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilibeba mengi waliyoyataka. Palikuwa na Baraza la Wawakilishi na palikuwa na Baraza la Seneti lenye wajumbe 41, na Seneti iliwekwa kuwa mlinzi wa majimbo. Katiba haikuweza kubadilishwa kwa wepesi. Kwa maandishi, hilo lilikuwa Bunge lenye meno.

Bunge lililojipunguzia nguvu

Meno hayo hayakung'olewa na askari. Yaling'olewa na wabunge wenyewe, moja baada ya jingine, kwa kura halali zilizohesabiwa ukumbini.

Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU, Seroney akiwa mmoja wao. Upinzani ukatoweka. Desemba mwaka huo Kenya ikawa jamhuri na Jomo Kenyatta akawa Rais mwenye mamlaka ya utendaji. Kuanzia hapo marekebisho ya katiba yalifuatana kama mawimbi. Mamlaka ya majimbo yalipunguzwa hadi yakabaki jina tu. Idadi ya kura zilizohitajika kubadilisha katiba ikateremshwa.

Aprili 1966, Makamu wa Rais Oginga Odinga na wenzake walipoihama KANU na kuanzisha KPU, Bunge lilipitisha haraka sheria iliyomlazimu mbunge anayehama chama kukiachia kiti chake na kurudi kwa wapigakura. Juni mwaka uo huo Bunge likapanua mamlaka ya Rais ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, chini ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Kabla ya mwaka kumalizika, wabunge wakakubali Seneti iunganishwe na Baraza la Wawakilishi, na maseneta waliokuwa walinzi wa majimbo wakapewa viti katika baraza moja jipya.

Kila hatua ilipewa sababu yake: umoja wa taifa, kupunguza gharama, usalama wa nchi, utulivu wa serikali changa. Huenda baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli. Hata hivyo, jumla yake ni kwamba chombo kilichoundwa kuidhibiti serikali kiliikabidhi serikali funguo za nyumba yake. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na sheria ya kizuizini iliyopitishwa na Bunge mwaka 1966 ndiyo iliyokuja kumchukua Naibu Spika wa Bunge hilo hilo.

Azimio la Nandi Hills

Jina la Seroney lilienea nchini kote Julai 1969, alipoongoza mkutano uliotoa Azimio la Nandi Hills. Azimio hilo lilidai kwamba ardhi yote katika wilaya ya Nandi, yakiwemo mashamba yaliyokuwa yakiachwa na walowezi, ni mali ya Wanandi.

Kiini cha malalamiko yake kilikuwa wazi. Wanandi walikuwa wamenyang'anywa ardhi na wakoloni, na baada ya uhuru ardhi hiyo ilikuwa ikinunuliwa na watu kutoka kwingineko, wakiwemo wenye uhusiano wa karibu na serikali. Lakini namna azimio lilivyoandikwa iliwatia hofu Wakenya wa makabila mengine waliokuwa wameshanunua mashamba huko kihalali, na wengine waliliona kuwa tamko la kuwafukuza. Miaka mingi baadaye, Bonde la Ufa lilipokumbwa na mapigano ya ardhi, wapo walioikumbuka siku ile kwa uchungu. Ni sehemu ya maisha ya Seroney ambayo hata wanaomstahi hawawezi kuipita kimya.

Serikali haikujibu kwa hoja. Ilimfungulia mashtaka ya uchochezi, mahakama ikampata na hatia na kumtoza faini. Wapigakura wake walijibu kwa njia yao. Katika uchaguzi wa mwishoni mwa 1969 walimrudisha Bungeni, safari hii kama mbunge wa Tinderet.

Kiti alichonyimwa kisha akakipata

Kufikia wakati huo KPU ilikuwa imepigwa marufuku, tangu Oktoba 1969, na Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa vitendo ingawa si kwa sheria. Bunge lilikuwa na wabunge 158 wa kuchaguliwa na 12 walioteuliwa na Rais. Wengi wao walikuwa mawaziri au mawaziri wasaidizi, waliofungwa na wajibu wa kupiga kura pamoja na serikali.

Kwa kuwa hapakuwa na chama cha upinzani, kazi ya kuichunguza serikali ilibaki mikononi mwa kundi dogo la wabunge wasiokuwa na vyeo. Miongoni mwao walikuwa Josiah Mwangi Kariuki wa Nyandarua Kaskazini, Martin Shikuku wa Butere, George Anyona wa Kitutu Mashariki, Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini na Seroney mwenyewe. Waliuliza maswali juu ya ugawaji wa ardhi, juu ya ufisadi, na juu ya pengo kati ya matajiri wapya na maskini. Baadhi ya maswali yao hayakujibiwa, lakini yote yaliingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na siku iliyofuata yalisomwa magazetini.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1974, wabunge hao walitaka Seroney awe Naibu Spika. Cheo hicho si pambo. Spika akiwa hayupo, Naibu wake ndiye anayeamua nani aseme, hoja gani iruhusiwe, na neno gani lifutwe. Serikali haikupenda jina hilo. Ilipodhihirika Novemba kwamba alikuwa na wafuasi wa kutosha, Rais Kenyatta alitumia mamlaka yake ya kikatiba na kusitisha vikao vya Bunge. Wabunge wakarudi nyumbani hadi Februari 1975.

Hatua hiyo iliwafunza wananchi jambo ambalo wengi hawakuwa wamelitambua: kwamba Bunge la Kenya halikumiliki hata kalenda yake. Lilikutana Rais alipotaka, likanyamaza alipotaka. Walakini miezi mitatu ya kusubiri haikubadilisha hesabu. Bunge liliporejea Februari, Seroney alichaguliwa Naibu Spika bila kupingwa.

Kifo cha JM

Hakukaa mwezi mzima katika cheo hicho kabla ya msiba kuingia. Machi 2, 1975, JM Kariuki alionekana kwa mara ya mwisho katika Hoteli ya Hilton, Nairobi. Kesho yake maiti ya mtu aliyepigwa risasi ilikutwa katika milima ya Ngong. Wakati familia yake ikimtafuta, Bunge liliambiwa na serikali kwamba mbunge huyo alikuwa Zambia. Ilipotambuliwa kwamba maiti iliyokuwa katika hifadhi ya jiji ilikuwa yake, hasira ilitanda mjini na ukumbini.

Hapo Bunge likatumia mojawapo ya nguvu zake kubwa kuliko zote, uwezo wa kuunda kamati teule yenye mamlaka ya kuwaita mashahidi na kudai nyaraka. Kamati hiyo iliongozwa na Elijah Mwangale. Ripoti yake iliwasilishwa Juni 3, 1975, ikiwalaumu maafisa wa juu wa polisi kwa kuficha ukweli na ikitaka watu kadhaa wachunguzwe zaidi. Kabla haijafika mezani, majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa kwa amri yake.

Serikali ilijitahidi ripoti isipewe nguvu ya uamuzi wa Bunge. Mjadala ulikuwa mkali, na kura zilipohesabiwa, upande uliounga mkono kamati ulishinda kwa 62 dhidi ya 59. Ilikuwa nadra mno serikali kushindwa kwa kura. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliokuwa wamepiga kura pamoja na kamati, walifutwa kazi mara moja.

Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji ya JM. Bunge lilikuwa limeonyesha uwezo wake wa kuchunguza, na papo hapo likagundua ukomo wake, kwani linaweza kuutoa ukweli hadharani lakini haliwezi kumkamata mtu wala kumshtaki. Baada ya ripoti kupitishwa, kila kitu kilirudi kwa serikali ile ile iliyokuwa ikichunguzwa.

Siku sita za Oktoba

Tangu siku ile ya kura 62, uhusiano wa serikali na wabunge wakosoaji ulikuwa wa kuviziana. Oktoba 9, 1975, Seroney alikuwa amekalia kiti. Shikuku, akichangia mjadala, alisema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama ambavyo KANU ilikuwa imeuawa.

Hayo yalikuwa maneno mazito. KANU ndicho kilichokuwa chama tawala, na kiongozi wake alikuwa Rais. Mbunge wa upande wa serikali, Clement Lubembe, alisimama kwa hoja ya nidhamu akitaka Shikuku athibitishe madai hayo au ayafute.

Kanuni za Kudumu za Bunge zilimpa Lubembe haki ya kuuliza. Mbunge anayetoa madai huweza kutakiwa kuyathibitisha, ili ukumbi usigeuzwe kijiwe cha uvumi. Anayeketi kitini ndiye mwamuzi. Seroney aliamua kwamba lililo dhahiri kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa. Bila shaka alikuwa akifikiri kama wakili, kwa kuwa hata mahakamani jambo linalojulikana na wote haliletewi mashahidi. KANU ya wakati ule haikuwa imefanya uchaguzi wa kitaifa wa viongozi wake kwa miaka mingi, na ofisi zake nyingi zilikuwa zimelala.

Inawezekana uamuzi huo ulikuwa na dosari. Anayeketi katika kiti cha Spika hutarajiwa kuwa mwamuzi asiye na upande, na wakosoaji wake walisema kwamba siku hiyo aliuacha ufilimbi akaupiga mpira. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini Bunge lina dawa zake kwa ugonjwa kama huo. Mbunge asiyeridhika angeweza kuleta hoja ya kuupinga uamuzi. Wabunge wangeweza kumwondoa Naibu Spika kwa kura, kama walivyomweka kwa ridhaa yao. Hoja ingejadiliwa, Seroney angejitetea, na wengi wangeamua.

Dawa hizo hazikutumika. Oktoba 15 polisi waliovaa kiraia waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata Shikuku na Seroney. Amri za kuwaweka kizuizini zilitolewa chini ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma. Kinga ya Bunge, inayosema kwamba mbunge hashtakiwi kwa maneno aliyoyasema ukumbini, haikuvunjwa kwa maandishi, maana hawakushtakiwa. Ilizungukwa. Sheria ya kizuizini haikuhitaji shtaka, wala ushahidi, wala hukumu.

Siku chache baadaye Rais Kenyatta aliwaonya hadharani wabunge waliobaki, akiwakumbusha kwamba kipanga yuko angani daima, tayari kuwashukia vifaranga. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Ukumbi baada ya Seroney

Matokeo yalionekana upesi. Desemba 1975, miezi miwili tu baadaye, serikali ilileta mswada wa kubadilisha katiba ili Rais aweze kumsamehe mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi. Kila mtu alijua mswada huo ulikusudiwa kumnufaisha mtu mmoja, Paul Ngei, waziri na swahiba wa Kenyatta tangu kesi ya Kapenguria, ambaye mahakama ilikuwa imempata na kosa la uchaguzi na hivyo asingeweza kugombea kwa miaka 5. Mswada huo ulipita hatua zake zote siku moja.

Mwaka 1976 Chelagat Mutai alifungwa jela. Mei 1977 Anyona naye akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mmoja baada ya mwingine, wauliza maswali wakatoweka ukumbini. Vikao viliendelea, kengele iliendelea kulia, miswada iliendelea kusomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jambo alilolisema Shikuku likawa limethibitishwa na wale wale waliodai athibitishe.

Shirika la Amnesty International lilimhesabu Seroney kuwa mfungwa wa dhamiri. Kwake yeye miaka hiyo ilimaanisha kutengwa na familia, na kutojua siku ya kutoka. Mfungwa aliyehukumiwa huhesabu siku zinazobaki, lakini aliye kizuizini hana namba ya kuanzia.

Uhuru uliokuja umechelewa

Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978. Mrithi wake, Moi, aliyekuwa pamoja na Seroney katika KADU na baadaye mshindani wake katika siasa za Bonde la Ufa, aliwaachilia huru watu wote waliokuwa kizuizini katika sherehe za Jamhuri, Desemba 12, 1978. Seroney na Shikuku walikuwa miongoni mwao.

Wawili hao walirudi kwa wapigakura katika uchaguzi wa 1979. Shikuku alishinda Butere. Seroney alishindwa Tinderet na kijana Henry Kosgey. Aliyezoea kusimama ukumbini akabaki nje ya milango yake. Serikali mpya ilimpa uenyekiti wa Benki ya Maendeleo ya Viwanda, wadhifa wa heshima ambao hata hivyo haukuwa na ukumbi wala Kanuni za Kudumu.

Alifariki mwaka 1982, kabla hajafikisha umri wa miaka 60. Mwaka ule ule, mnamo Juni, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Hapakuwa na upinzani wa maana ukumbini.

Yaliyorekebishwa, na yaliyobaki

Ilichukua Kenya muda mrefu kurudisha kile kilichopotea. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Mageuzi ya mwaka 1997 yaliondoa mamlaka ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Mwaka 1999, kwa juhudi za mbunge Peter Oloo-Aringo, katiba ilirekebishwa na kuundwa Tume ya Huduma za Bunge, ili Bunge liajiri watumishi wake na kupanga bajeti yake badala ya kuitegemea serikali.

Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Ilirudisha Seneti. Ilimwondolea Rais uwezo wa kusitisha vikao au kulivunja Bunge apendavyo, hivi kwamba lililotokea Novemba 1974 haliwezi kurudiwa kihalali. Mawaziri hawawi tena wabunge, kwa hiyo serikali haina kundi kubwa la kura zilizofungwa kwa mishahara ya uwaziri. Uhuru wa kusema Bungeni umeandikwa katika katiba yenyewe. Na Naibu Spika, kama ilivyo kwa Spika, hawezi kuondolewa na wabunge ila kwa azimio linaloungwa mkono na angalau thuluthi mbili ya wabunge wote. Kwa maneno mengine, sheria ya leo inaeleza hatua kwa hatua jinsi suala la Seroney lilivyopaswa kushughulikiwa mwaka 1975.

Bunge limezitumia baadhi ya nguvu hizo. Oktoba 2024, kwa mara ya kwanza nchini, wabunge na maseneta walimwondoa madarakani Naibu Rais, Rigathi Gachagua, baada ya mashtaka kusomwa, utetezi kutolewa na kura kupigwa. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na uamuzi wenyewe, lakini njia iliyofuatwa ilikuwa ya ukumbini.

Hata hivyo miezi michache kabla ya hapo, Juni 25, 2024, wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 huku barabara zikiwa zimejaa vijana waliokuwa wakiupinga. Waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, watu waliuawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hangetia sahihi mswada ambao wabunge wa upande wake walikuwa wameupigania. Siku hiyo hakuna mbunge aliyezuiwa na kipanga. Wengi walikuwa huru kupiga kura watakavyo, na bado wananchi waliokuwa nje waliona kwamba hawakusemewa.

Hapo ndipo maisha ya Seroney yanapogusa siku za leo. Katiba inaweza kulipa Bunge kinga, kalenda, bajeti na kamati. Haiwezi kumpa mbunge ujasiri wa kuitumia kinga hiyo kwa ajili ya aliyemtuma. Seroney na wenzake walisema wakati kinga yao ilikuwa karatasi tupu, nao walijua hivyo. Wanaoketi leo katika viti vile wana ulinzi ambao yeye hakuupata, na mpigakura ana haki ya kuwauliza wameufanyia nini.